Fedha za korona kwa sekta ya anga Marekani: ziliombwa kwa mishahara yetu, sisi tukaachishwa kazi

Ndugu wanajamvi,

Kila mara ninaposoma makala ya kusifu namna serikali ya Marekani ilivyoyaokoa mashirika ya ndege wakati wa korona, najiuliza kama mwandishi amewahi kuzungumza hata na mfanyakazi mmoja wa chini kiwanjani. Leo nimeamua kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu wazungumzaji wa Kiswahili wengi tunaoishi huku, tuliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, tumefanya kazi hizo: kusukuma viti vya magurudumu, kusafisha ndege zikishatua, kupakia mizigo, na kuandaa chakula cha abiria kama nilivyofanya mimi. Kazi hizi kwa kawaida haziko chini ya shirika la ndege lenyewe. Ziko chini ya wakandarasi, yaani kampuni za nje zinazolipwa kuzifanya, na hapo ndipo dhuluma ilipopitia.

Tarehe 27 Machi 2020, Rais Donald Trump alitia saini sheria ya msaada wa korona inayojulikana kama CARES. Kwa ajili ya mishahara peke yake, mashirika ya ndege za abiria yalitengewa dola bilioni 25, ya ndege za mizigo bilioni 4, na wakandarasi bilioni 3. Mikopo ilikuwa na fungu lake tofauti. Sibishi kwamba hali ilikuwa mbaya mno: katikati ya Aprili mwaka ule, watu waliopita kwenye ukaguzi wa viwanja vya nchi nzima hawakufika 90,000 kwa siku, ilhali mwaka mmoja kabla, siku kama hiyo, walikuwa wamezidi milioni mbili. Msaada ulihitajika. Ninachokilalamikia ni namna ulivyogawiwa, na jinsi waliotajwa kuwa walengwa walivyoachwa bila ulinzi wowote.

Kiasi ambacho kampuni iliweza kuomba kilipigiwa hesabu kwa mishahara na marupurupu iliyolipa kati ya Aprili na Septemba 2019, yaani wakati sote tulikuwa kazini. Kwa upande mwingine, sharti la kutomwachisha mtu kazi bila hiari yake lilianza kumbana mkandarasi pale tu alipotia saini mkataba na Wizara ya Fedha, na mikataba hiyo ilichukua wiki nyingi, mingine miezi. Katika pengo hilo, kampuni iliweza kuwaondoa watu wake, kisha ikapokea fedha zilizohesabiwa kana kwamba watu hao bado wapo. Sheria haikuilazimisha kuwarudisha, na Wizara, iliyokuwa chini ya Steven Mnuchin, haikupunguza kiasi hicho kwa sababu ya watu waliokwisha kuondolewa.

Haya si maneno ya vijiweni. Kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi iliyoongozwa na James Clyburn ilitoa ripoti Oktoba 2020, ikaonyesha kwamba wakandarasi wa viwanja vya ndege waliachisha kazi watu zaidi ya 16,000 baada ya sheria kupita na kabla ya mikataba kusainiwa. Watu elfu kumi na sita, wengi wao wa kipato cha chini, wengi wao wahamiaji, waliachishwa huku fedha za mishahara yao zikiwa zimeshaidhinishwa na Bunge.

Kampuni niliyoifanyia kazi sitaitaja. Tuliitwa kwa makundi, tukapewa karatasi, na tukaambiwa kwamba bima ya afya ingekoma mwisho wa mwezi, katika msimu ambao magari ya wagonjwa hayakutulia usiku wala mchana. Baadaye tukajua kwamba kampuni imepokea fedha. Tulipouliza tutarudishwa lini, jibu lilikuwa kwamba sheria haiwataki kufanya hivyo. Kinachoniumiza hadi leo ni kwamba jibu hilo lilikuwa sahihi kisheria. Kuna watu waliokaa mezani, wakaiandika sheria kwa jina la mfanyakazi, wakasahau kumweka mfanyakazi mwenyewe ndani yake.

Mashirika makubwa nayo yalikuwa na mlango wao, ambao ni neno «bila hiari». Kwa kuwa kilichokatazwa ni kumwondoa mtu asiyetaka, yaliwashawishi maelfu ya watu kustaafu mapema au kuondoka kwa malipo. Delta peke yake ilipoteza zaidi ya watu 17,000 kwa njia hiyo. Muda wa sharti ulipokwisha Septemba 30, kesho yake American ilianza kuwaondoa watu 19,000 na United 13,000, hadi Bunge lilipotoa bilioni 15 nyingine mwezi Desemba na bilioni 14 tena Machi 2021. Jumla ikawa dola bilioni 54 kwa mashirika ya abiria, na sehemu kubwa yake haikuwa mkopo wa kulipwa. Kisha usafiri ulipofufuka, safari zikaanza kufutwa kwa uhaba wa wafanyakazi, uhaba uleule ambao fedha hizo zilitolewa ili kuuzuia. Na tukumbuke kwamba American, katika miaka michache kabla ya korona, ilikuwa imetumia zaidi ya dola bilioni 12 kununua hisa zake yenyewe. Akiba ya siku ya dhiki haikuwekwa, mlipakodi akaitwa kuziba.

Najua atakuja mtu hapa kuniambia kwamba haraka ilikuwa kubwa na sheria isingeweza kufikiria kila kitu. Basi na aisome sheria ya Desemba 2020, ambayo iliwataka wakandarasi waliopewa fedha mpya kuwarudisha watu walioachishwa tangu Machi 27. Maneno hayo yaliwezekana kuandikwa. Yalichelewa miezi tisa, na katika miezi hiyo wapo waliohamishwa nyumba, waliohama jimbo kufuata kazi za maghala na machinjio, na waliokuwa wameshabadilisha simu wasipatikane tena.

Ninachotaka ni kwamba msaada wowote ujao uhesabiwe kwa idadi ya watu walio kazini siku fedha zinapotolewa, kipindi cha ulinzi kianze siku sheria inaposainiwa, na mkandarasi aliyepokea mshahara wa mtu aliyekwisha kumfukuza aurudishe, pamoja na riba. Wawakilishi wetu wanaokuja kwenye misikiti na makanisa yetu kuomba kura waulizwe hili ana kwa ana.

Walioachishwa kazi za viwanjani mwaka 2020 na baadaye wakaitwa, naomba mwandike hapa chini: mlirudishiwa miaka yenu ya utumishi na kiwango chenu cha malipo, au mlianza upya kama wageni? Tajeni jimbo na aina ya kazi. Aliye bado kazini asitaje kampuni.