Mwani usiokoma katika tangi la nusu maji, nusu nchi kavu

Swali

Wafugaji wenzangu, naomba msaada wenu. Nina tangi la kioo la lita 120, ambalo thuluthi yake ni maji na sehemu iliyobaki ni nchi kavu yenye udongo, makangaga na gogo ambalo maji huteremkia juu yake yakisukumwa na pampu ndogo. Humo wanaishi uduvi, konokono wachache na vyura wawili wadogo.

Kwa miezi minne sasa nasumbuliwa na mwani wa kijani wa nyuzinyuzi. Kila Jumamosi nauzungushia mswaki wa zamani na kuuvuta, unatoka fundo zima kama nywele zilizoziba bomba, lakini Jumatano haifiki kabla ya nyuzi mpya kuonekana palepale. Chakula nimepunguza, tangi liko mbali na dirisha, na taa huwaka saa 10 kwa siku. Maji yanapopungua kwa mvuke huwa naongeza ya bomba niliyoyaondolea klorini. Nimeshauriwa kutia dawa ya kuua mwani, ila nasita kwa ajili ya vyura, nami nawapenda mno kuwafanyia majaribio. Je, chanzo kinaweza kuwa nini?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, umefanya vyema kusita. Dawa nyingi za kuua mwani zina shaba, na shaba huua uduvi na konokono hata ikiwa kidogo sana. Chura naye hunywa maji kwa ngozi yake, kwa hiyo chochote kilichoyeyuka ndani ya maji hayo kinaweza kumwingia mwilini. Anza na taa: saa 10 ni nyingi mno, zipunguze ziwe 6 au 7 na uiunganishe na swichi ya saa ili isitegemee kumbukumbu yako.

Jibu la pili

Naafiki kuhusu dawa, lakini nadhani chanzo kiko kwenye mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu: udongo na maji ya kuongeza.

Kwanza tuhakikishe adui ni yupi. Vumbi la kahawia kwenye kioo kwa kawaida ni diatomu, aina ya mwani mdogo mno wa seli moja, ambazo hupenda matangi mapya na mara nyingi huondoka zenyewe baada ya wiki kadhaa. Utando wa kijani unaoelekea buluu, unaobanduka kama ngozi na kunuka tope, ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea, nao hutibiwa kwa njia nyingine. Mashungi meusi yanayong'ang'ania kingo za majani ni mwani wa jamii ya mwani mwekundu, na ukilichovya shungi moja ndani ya spiriti utaona wekundu wake ukijitokeza. Wako, kwa jinsi unavyouelezea, ni mwani wa kijani wa kweli, na huo hufuata mwanga na mbolea.

Mbolea hiyo inatoka wapi ikiwa umepunguza chakula? Maji yanapopanda kuwa mvuke huacha nyuma kila kilichoyeyuka ndani yake. Tuseme maji yako ya bomba yana miligramu 20 za naitreti (chumvi ya naitrojeni ambayo ni mbolea kwa mwani) kwa lita, tangi lina lita 40 za maji, na kila wiki zinapotea lita 5 nawe unarudisha 5. Hapo unaingiza miligramu 100 kila wiki bila kutoa hata moja. Kwa wiki 16 zinakuwa miligramu 1,600, yaani nyongeza ya miligramu 40 kwa kila lita, ukiondoa zile zilizoliwa na mimea. Kuongeza maji si kubadilisha maji. Badilisha thuluthi moja kila wiki, na nakisi ya mvuke uijaze kwa maji yaliyotoneshwa, ambayo hayana chumvi wala madini.

La pili ni udongo. Katika matangi ya aina hii, nchi kavu ikinyunyiziwa hutiririsha virutubisho vyake chini, na udongo ukigusa maji huyanyonya kama utambi na kuyarudisha yakiwa mazito. Chunguza mahali nyuzi zinapoanzia. Zikijipanga mstari chini ya ukingo wa nchi kavu, kuna mahali panapovuja. Udongo unapaswa kukaa juu ya tabaka la kokoto, wavu mwembamba ukiwa katikati, nayo maji yasipande kupita kokoto.

Mwisho, ushindanishe mwani na mimea. *Epipremnum aureum*, ule mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo, ukiacha mizizi yake majini na majani hewani hula naitreti kwa kasi, kwa kuwa hewa ya ukaa huipata angani bila kikomo cha majini. Ila wenye wanyama wanaotafuna majani wauepuke, kwani utomvu wake huwasha kinywa.

Jibu la tatu

Nakubaliana na mwenzangu, ila kuhusu taa naomba tuwe waangalifu, maana makangaga nayo yanaishi kwa taa hiyohiyo. Badala ya kuipunguza sana, isogeze upande wa nchi kavu na uweke mimea inayoelea ili maji yapate kivuli.

Kwa gogo lenyewe nimefanikiwa na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Nililitoa nje ya tangi, nikalipaka kwa brashi, nikasubiri dakika 10, kisha nikalisuuza mara kadhaa kabla ya kulirudisha; baada ya siku chache nyuzi ziligeuka nyeupe. Usiipake ndani ya tangi wakati vyura wamo. Vilevile usiue mwani wote kwa siku moja, kwa sababu ukioza majini hula oksijeni na kuachia amonia.

Muuliza swali, wiki sita baadaye

Asanteni sana. Nilipoinua gogo nilikuta wavu umechanika upana wa vidole viwili, na udongo umemwagika hadi kwenye maji, mweusi na laini kama uji uliopoa. Nyuzi zote zilikuwa zimeanzia hapo, mstari mmoja, kama ilivyosemwa. Nimeufyonza udongo huo kwa mpira, nimeweka wavu mpya na kuongeza kimo cha kokoto kwa sentimita 3. Nabadilisha lita 13 kila Jumamosi, na taa nimeisogeza huku nikiiacha iwake kwa muda wa saa 8 kwa siku.

Wiki mbili za kwanza sikuona tofauti. Ya tatu nyuzi zilianza kukatika zikiguswa tu, na sasa zimebaki chache kwenye mdomo wa pampu, ambako uduvi hukusanyika jioni kuzichambua. Hizo nimeamua kuwaachia.