Mteule, mwana wa mfalme na mapenzi ya pembetatu: je, bado yana uhai?

Mwino wa Usiku

Wanajukwaa, salaam. Kwa miezi minane sasa ninaandika riwaya ya fantasia na mapenzi kwa ajili ya vijana, nami nina wasiwasi usioniacha. Mhusika wangu mkuu ni binti wa miaka 17 asiyejua kwamba ana nguvu za kichawi. Utabiri wa kale unamtaja kuwa mwokozi wa ufalme. Na wavulana wawili wanampenda, mmoja rafiki yake wa utotoni, mwingine mwana wa mfalme wa upande wa maadui, mkali na mwenye siri nzito. Nilipoanza kumsimulia rafiki yangu muhtasari, aliumalizia yeye mwenyewe, hata akamtaja atakayechaguliwa. Niliumia, kwa sababu ninawapenda wahusika hawa kwa dhati. Je, niifute kazi yote?

Karatasi Tupu

Usiifute, ndugu yangu. Msomaji wa mapenzi hachukii kujua nani atampata nani. Anachofuata ni namna watakavyofikiana. Jane Austen, mwandishi Mwingereza, aliwafanya wawili waliodharauliana wapendane katika riwaya yake ya mwaka 1813, Pride and Prejudice, na hadi leo wasomaji hawajachoka.

Huyo mwana wa mfalme wako naye ana ukoo mrefu. Kisa cha msichana na mnyama aliyerogwa kiliandikwa na Gabrielle-Suzanne de Villeneuve nchini Ufaransa mwaka 1740, kisha Jeanne-Marie Leprince de Beaumont akakifupisha mwaka 1756. Katika toleo hilo fupi, kila usiku mnyama humwuliza msichana kama atakubali kuwa mke wake, msichana hukataa, na mnyama huondoka kwa huzuni bila kumdhuru. Laana haiwezi kuondoka mpaka ridhaa itolewe kwa hiari, kwa hiyo uchawi na mapenzi ni fundo moja. Waigaji wengi wamechukua ukali na kasri lenye giza, wakaiacha haki ya kukataa, ambayo ndiyo iliyokipa kisa uzito. Ninaamini hapo ndipo mtindo huu ulipochuja.

Mhariri wa Pembeni

Ninakubaliana na aliyetangulia kuhusu ridhaa, ila sikubali kwamba kila kitu kinaweza kuokolewa. Nimehariri miswada kadhaa ya aina hii, na utabiri ndio unaonisumbua zaidi, kwa kuwa mara nyingi huwekwa ili kumwondolea mwandishi kazi ya kueleza kwa nini ni binti huyu na si mwingine. Uondoe kwa muda, usome upya. Hadithi ikiendelea vilevile, hukuuhitaji. Ikiporomoka, basi jiulize ni nani aliyeutunga, na ni nani anayenufaika watu wakiuamini.

Kuhusu pembetatu, rafiki wa utotoni kwa kawaida huumbwa ili ashindwe. Msomaji hulitambua hilo mapema, kwa kuwa mwandishi amempa mwana wa mfalme jeraha, siri na tamaa, ilhali huyu mwingine amepewa wema peke yake. Kama binti hawezi kupoteza chochote kwa kumchagua mmoja, hana uamuzi wowote wa kufanya, na kurasa mia mbili za kusitasita kwake zitamchosha hata msomaji mvumilivu.

Mwino wa Usiku

Nawashukuru nyote wawili. Nimerudi kwenye mswada jana usiku na kuona jambo lililonitia aibu: katika sura ya tano mwana wa mfalme anamfungia binti chumbani, nami nilikuwa nimeliandika tukio hilo kama dalili ya mahaba. Nitaliandika upya, mlango ukiwa wazi na binti akiwa na sababu yake mwenyewe ya kutotoka. Utabiri nao nimeuondoa, na ni sura moja tu iliyoanguka. Kinachonishinda bado ni yule rafiki wa utotoni. Nimekaa naye saa nzima nikimwuliza anataka nini maishani mbali na kupendwa na binti huyu, na mpaka sasa nimepata jibu moja tu: anataka vita viendelee, kwa sababu ndugu zake waliuawa na jeshi la yule mwana wa mfalme.

Mhariri wa Pembeni

Basi anza na huyo. Sura ya kwanza iandike upya ukiwa upande wake.