Kenya: walimu na madaktari wakitaka kugoma siku moja

Katibu_Tawi: Wakuu, vyama viwili vya wafanyakazi wa umma, waajiri tofauti (TSC, yaani Tume ya Huduma ya Walimu, na kaunti). Tunaweza kutoa ilani moja ya mgomo kwa pamoja?

Mzee_wa_CBA: Msiunganishe karatasi, komredi. Kila chama kiwe na mgogoro wake kuhusu masharti ya kazi, kiuripoti kwa Waziri wa Kazi, kipitie mpatanishi. Siku 30 tangu mpatanishi ateuliwe zikiisha bila suluhu, au akitoa cheti kabla ya hapo, ndipo unatoa ilani ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa Waziri (kifungu cha 76, Sheria ya Mahusiano ya Kazi, 2007). Kinacholinganishwa ni tarehe ya mwisho ya ilani tu. Anayeanza kuripoti mapema humsubiri mwenzake.

Wakili_Mtaani: Ongeza kifungu cha 78: mgomo wa kuunga mkono madai ya wafanyakazi wengine umekatazwa. Kwa hiyo barua ya walimu isitaje madai ya madaktari hata kwa sentensi moja! Hospitali nazo ziko kwenye orodha ya huduma muhimu, kifungu cha 81, na hapo ndipo mwajiri hukimbilia mahakamani kuomba amri ya kusimamisha. Ilani isainiwe na mwakilishi aliyeidhinishwa, la sivyo mmempa sababu ya bure.

Katibu_Tawi: Na mshahara?

Mzee_wa_CBA: Hata mgomo ukiwa halali, mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo hamkufanya kazi. Wekeni suala la malipo ya siku hizo kwenye hati ya makubaliano ya kurudi kazini, kabla hamjasaini.