MREJESHO: Ile miche yangu ya gilirisidia iliyokuwa ya njano, Misungwi

Wakuu, wakati wa vuli niliuliza kwa nini miche yangu ya gilirisidia imedumaa na kuwa ya njano, wakati ni mti unaosifiwa kuongeza naitrojeni shambani.

Mdau mmoja alisema ng'oa miwili uangalie mizizi. Nikang'oa minne. Mitatu haikuwa na kinundu (kivimbe kidogo cha kwenye mizizi) hata kimoja! Wa nne ulikuwa navyo vichache, nikavipasua kwa ukucha: vyeupe ndani. Vinavyofanya kazi huwa na wekundu, kwa hiyo vile vilikuwa mapambo tu. Kumbe mti wenyewe haukamati naitrojeni ya hewani. Wanaoikamata ni bakteria wa raizobia waliomo kwenye vinundu, nao mti unawalisha sukari.

Kosa ni langu. Kitaluni nilikuwa naweka urea kila wiki, na mche ukishapata naitrojeni ya bure hauhangaiki kuwafuga bakteria. Mke wangu alishanikataza hiyo urea, ila yeye alikuwa analalamikia bei.

Nimeotesha upya bila urea. Nilichota udongo chini ya gilirisidia kongwe ya jirani, nikauchanganya kwenye viriba na TSP kidogo (mbolea ya fosfeti). Wiki ya nane nikapasua tena: vyekundu kama nyama mbichi, na majani yamekoza kijani.

Masika hii naihamishia shambani. Udongo wetu wa luseni, yaani wa kichanga, haushiki maji, hivyo nitaweka matandazo. Matawi ya kukata na kufukia kwenye mahindi, labda mwaka kesho kutwa.