Hadtopu (paa gumu) ya faiba haikai kwenye Land Rover 109, niikate au niivute na bolti? Naombeni ushauri

kibosho_109
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, nina Land Rover 109 Series 3 ya mwaka 1976, ile ya turubai zima linaloanzia kwenye kioo cha mbele mpaka nyuma. Ilikuwa ya marehemu baba, nimekua nikipanda nyuma juu ya magunia ya kahawa kwahiyo hili gari siuzi hata iweje. Sasa turubai limefika mahali halishoneki tena, sindano ikipita linachanika pembeni yake, na masika ndo hayo yanakuja, njia ya kupanda kwetu Kibosho mzigo unalowa na watoto wanalowa.

Mwezi uliopita nikapata hadtopu ya faiba Arusha mitaa ya Unga Limited, imetolewa kwenye 109 nyingine, nikainunua laki sita na nusu nikaipakia kwenye Fuso mpaka Moshi. Ilikaa uani muda mrefu, rangi ya juu imepauka ukipitisha mkono unatoka na unga mweupe kama chaki, ila faiba yenyewe ni nene, ina ufa mmoja tu wa urefu wa kiganja juu ya mlango wa nyuma.

Jumamosi tumeipandisha watu wanne. Mbele kwenye fremu ya kioo matundu yamepishana kama sentimita moja na nusu, na kona ya nyuma kulia haigusi bodi kabisa, kidole gumba kinapita, wakati kushoto imekaa safi. Fundi anasema tufunge bolti ndefu tuivute mpaka ishuke, ikikataa anachukua grinda anaikata pembeni. Nimemwambia asubiri maana roho yangu inakataa, pesa yenyewe nimeitafuta kwa shida na nyingine kama hii sijui nitaipata wapi. Mwenye uzoefu naomba anisaidie kabla ya Jumamosi ijayo.

mtoto_wa_pasua
Pole mkuu. Mimi ya kwangu kwenye Suzuki tulivuta na bolti ikashuka tukajaza silikoni kwenye mwanya, mwaka wa pili huu haijaleta shida. Sioni kwa nini uumize kichwa.

fundi_faiba_AR
Kaka usivute, nakuomba. Nafanya kazi ya faiba hapa Arusha, paa zinazokuja kwangu kutengenezwa nyingi zimeumizwa hivyohivyo. Faiba haipindi kama bati ikatulia, ukiilazimisha inabaki na mkazo ndani siku zote, halafu barabara ya makorongo ikianza kuitikisa inatoa nyufa ndogondogo zenye umbo la nyota kuzunguka kila bolti, maji yanaingia kwenye nyuzi, na ukija kushtuka kona nzima imeachia. Suzuki ya mwenzetu ni fupi haijipindi sana, 109 ni ndefu na chesesi yake, ile fremu ya chuma ya chini, inacheza ukipita kwenye mashimo.

Kufunga kwake ni hivi. Bolti ya milimita 8 itobolewe tundu la 10, faiba ipate pa kuhemea. Kati ya faiba na bodi weka mpira mzima, ule laini wenye matundu ndani kama sponji, usiwe vipande vipande. Washa ziwe kubwa, zile pana kama shilingi mia mbili au zaidi, na chini yake ukipata kibati kirefu kinachounganisha bolti mbili tatu ni bora kuliko washa. Bolti zote ziingie kwanza zikiwa legelege ndio uanze kukaza kidogokidogo ukizunguka, na unaacha kukaza mpira ukishabonyea kama nusu ya unene wake. Silikoni ile inayonuka kama siki usiiweke karibu na chuma, inaleta kutu.

Ule ufa uzibie kwa ndani. Parua na msasa mpaka uone nyuzi, upana wa kiganja kila upande, kisha tabaka tatu za mati (kitambaa cha nyuzi za kioo) na resini. Hadina, ile dawa ya kugandisha, ni asilimia 1 mpaka 2 tu ya resini, na fanya asubuhi kukiwa na ubaridi, jua la saa saba resini inakugandia kwenye kopo hujapaka hata nusu. Vaa barakoa ukiparua, lile vumbi ni vioo unavuta kifuani.

Ila kuhusu ile kona kutogusa, hilo sidhani ni kosa la faiba. Ungesubiri waliozeeka na haya magari waseme.

dereva_mstaafu
Kijana, nimeendesha 109 miaka mingi, Longido, Engaruka, Loliondo mpaka huko Natron. Kabla hujamgusa huyo hadtopu pima bodi. Huhitaji mashine, unahitaji kamba mbili za kujengea.

Paki gari kwenye sakafu iliyonyooka, upepo wa matairi uwe sawa. Shusha hadtopu. Funga kamba ya kwanza kutoka kona ya mbele kushoto ya ule ukingo wa juu wa bodi ya nyuma mpaka kona ya nyuma kulia, ya pili ikate kutoka mbele kulia kwenda nyuma kushoto, zote zivutwe kweli na zikae urefu uleule juu ya ukingo. Angalia zinapokutana katikati. Zikigusana tu bila kusukumana basi kona zote nne ziko kwenye usawa mmoja. Kukiwa na mwanya bodi imejipinda, na kona iliyoshuka imeshuka mara mbili ya huo mwanya. Ukiona zinasukumana, ile ya juu ihamishe iwe ya chini ndo upime. Halafu geuza hadtopu chali na yeye umpime hivyohivyo, maana faiba iliyolala miaka juani juu ya mawe yasiyolingana inaweza kujipinda yenyewe.

Nikibashiri bila kuona, lala chini ya gari angalia boriti ya mwisho ya chesesi, ile yenye ndoano ya kuvutia tela. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu tangu 1948, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita, kwahiyo juu gari linaonekana zima siku zote. Chesesi ni chuma na inaozea kwa ndani, matope yanakaa humo. Gonga na nyundo ndogo kutoka kushoto kwenda kulia usikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi la karatasi.

Na hayo matundu ya mbele usitoboe mapya. Fremu ya kioo inalala na kusimama kwenye bawaba zake mbili chini, turubai lako limeivuta miaka yote. Legeza bolti za bawaba, weka paa, fremu ifuate paa, kisha kaza.

mamaNjiro88
Shikamoo mzee, hilo la kamba sikulijua na nina 88, ile Land Rover fupi, mwaka wa saba huu.

Kaka wa Kibosho mimi nikuongezee la vumbi, watu wanafikiri hadtopu inamaliza vumbi kumbe ukifunga vibaya linazidi. Gari likitembea upepo unatengeneza uvutano kule nyuma, vumbi linanyonywa kupitia mlango wa nyuma na kila mwanya, na moshi wa ekzosti unanyonywa nao, hapo ndo pabaya hasa ukiwa na watoto nyuma maana hewa ya sumu ya ekzosti haina harufu. Mpira wa mlango wa nyuma uwe mpya, bomba la ekzosti litokeze nje ya bodi kabisa na lisiwe na tundu njiani, halafu ukitembea fungua vile vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele, upepo uingie mbele usukume vumbi kutoka ndani. Mimi nilihangaika mwaka mzima nikiziba nyuma huku vifuniko vya mbele nimevifunga, nafika Namanga kichwa kinaniuma nadhani ni jua.

Keria usiikalishe juu ya faiba, miguu yake ishuke kwenye mabomba utakayochomelea ndani. Na paa la faiba haliwezi kukulinda gari likipinduka, watoto wafungwe mikanda. Angalia pia kadi ya gari, kama imeandikwa pikapu pitia TRA uulize kabla hujabadilisha umbo la bodi, isije ikakusumbua barabarani.

kibosho_109
Wakuu nimerudi. Mzee shikamoo, sijui nikushukuru vipi.

Nimefunga kamba leo. Hadtopu imejipinda kidogo sana, milimita 2 tu katikati. Bodi mwanya ni milimita 8, maana yake kona imeshuka 16, na ni hiyohiyo ya nyuma kulia. Nikaingia chini na nyundo, nikaanza kushoto inalia vizuri, nilipopita katikati sauti ikabadilika, nikachukua bisibisi nikasukuma kwa mkono tu bila kugonga ikazama mpaka kwenye mpini. Nilipoichomoa ukamwagika udongo mwekundu mkavu na magamba ya kutu, kama konzi mbili. Nimekaa pale chini muda mrefu. Hapo ndipo ninapofungaga tela la mbolea.

Fundi alivyoona amenyamaza, mwenyewe kasema tungevuta tungepasua paa na ugonjwa ungebaki palepale. Tunaanzia wapi?

dereva_mstaafu
Marahaba mwanangu. Usiogope, hii inatibika. Usibandike kiraka juu ya kuoza, kata mpaka ufikie chuma kinacholia, ukibidi badilisha boriti nzima. Kabla ya kuchomelea toa waya za betri na tanki la mafuta litoke kabisa, usiseme liko mbali. Nyanyua bodi na jeki na ubao mpaka kamba zako zigusane, ndo uchomelee boriti ikiwa bodi imeshakaa sawa, sio uchomelee kwanza. Mahali chuma kinapokutana na aluminiamu paka praima na weka kipande cha mpira katikati, vikigusana na maji yakawepo aluminiamu inageuka unga mweupe.

kibosho_109
Wakuu nawaletea mrejesho kama nilivyoahidi, imechukua wiki tatu. Boriti tumebadilisha nzima, tumenyanyua bodi mpaka kamba zikagusana, nikaweka kipande cha karatasi katikati yake kikashikwa bila kuanguka. Ufa nimeuzibia ndani tabaka tatu kama fundi alivyosema, saa moja asubuhi.

Jana tumepandisha paa watu walewale wanne. Nyuma imekaa kwenye mpira pande zote mbili. Mbele tulilegeza bawaba, nikawa nasukuma fremu kwa bega na fundi yuko juu anaangalia kwenye tundu, akasema hapohapo, bolti ya kwanza ikaingia kwa vidole, na ya pili, na ya tatu. Hatujatoboa tundu hata moja.

Jioni mvua ikatukuta njiani kupanda Kibosho, ile ya kwelikweli. Linavuja tone mojamoja kona ya kulia juu ya kioo, linaniangukia gotini. Vifuniko vya mbele nilifungua robo. Nyuma watoto walikuwa kimya nikajua wanaogopa, kugeuka wote wawili wamelala juu ya magunia.

fundi_faiba_AR
Hongera sana kaka. Hiyo kona mpira umekatika kwenye pinde, unganisha kwa gundi ya mpira ukiukata mshazari, usijaze silikoni. Na ukishatembea kilomita 200 rudi ukague bolti zote, mpira unakuwa umeshakaa, ongeza robo mzunguko tu.