Vikadi vya zawadi za Krismasi: manila inajikunja, kitenge kinachomoka nyuzi, tundu linachanika

Mkasi_Njiro

Habari za jioni wadau. Natengeneza vikadi 60 vya kufunga kwenye zawadi za Krismasi, kila kimoja sentimita 5 kwa 9. Chini ni manila, juu yake kurasa za vitabu chakavu zilizopakwa kahawa, kisha ukanda wa kitenge, muhuri wa nyota, shanga kidogo na kamba ya katani. Zawadi zinakwenda Marangu na Rombo, zitasafiri kwa basi kutoka Arusha zikiwa zimebanana kwenye mabegi.

Nimekwama kwenye mambo manne. Manila inajikunja gundi ikishakauka. Kitenge kinachomoka nyuzi pembeni. Tundu la kamba linachanika ukivuta kidogo tu. Na biro haiandiki mahali palipopita gundi, inateleza.

Natumia gundi nyeupe ya mbao, naichanganya na maji nusu kwa nusu ili ipakike vizuri. Vifaa nilivyo navyo ni pasi, mkasi, wembe, rula ya chuma na panchi ya ofisini. Bunduki ya gundi ya moto sina. Naomba mnieleze na sababu, maana nikijua sababu nitajua pia pa kubadilisha.

---

KaratasiMoshi

Mdau, anza na maji. Karatasi ikilowa, nyuzi zake zinavimba na karatasi inatanuka. Ikikauka inarudi. Wewe unabandika ukurasa uliotanuka juu ya manila iliyo kavu, kwa hiyo ukurasa ukianza kusinyaa unaivuta manila iufuate. Ndiyo maana kikadi kinajikunja kuelekea upande uliobandikwa. Gundi ya nusu kwa nusu inazidisha mvuto huo. Itumie ilivyo, au ukiona ni nzito sana weka sehemu 1 ya maji kwa sehemu 4 za gundi, isizidi hapo. Ipake kwa kadi ngumu ya plastiki iliyokwisha muda, ukivuta kutoka katikati kwenda nje. Ukiona weupe wa gundi umetuama mahali, futa.

Pili, usikate vikadi kwanza. Bandika karatasi nzima ya A4, ibane, ikauke, ndipo ukate. Vipande 60 vidogo kila kimoja kitapinda kivyake na kingo zake zitanyanyuka, lakini ukikata karatasi iliyokwisha kukauka unapata kingo safi zilizoshikana mpaka mwisho. Hesabu ni hii: A4 ina sentimita 29.7 kwa 21. Ukilaza sentimita 9 kwenye urefu unapata 3, sentimita 5 kwenye upana unapata 4, yaani vikadi 12 kwa karatasi. Kwa 60 unahitaji manila 5. Andaa 6.

Tatu, na hili wengi hawalitazami: karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ikunje manila taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande inakokunjika bila kubisha, mkunjo wake ndio unaofuata nyuzi. Fanya hivyohivyo kwa kurasa za kitabu. Ukibandika, nyuzi za vyote viwili zielekee upande mmoja, vinginevyo kila kimoja kitavuta kwake.

Nne, bandika na mgongoni. Karatasi nyeupe ya kawaida ya gramu 80 nyuma ya manila itavuta kinyume cha ukurasa wa mbele na kadi itabaki bapa. Pande zote mbili zibandikwe kwa mkupuo mmoja, siyo leo mbele na kesho nyuma.

Kubana: ubao, nailoni, magazeti makavu, kadi, magazeti, nailoni, ubao, na ndoo ya maji ya lita 10 juu. Baada ya nusu saa badilisha magazeti maana yamenyonya unyevu. Acha mpaka kesho yake. Mvua za vuli zikiwa zinanyesha, Arusha kwa baridi yake, acha usiku wa pili pia. Ukiigusa kadi kwa shavu ukasikia ubaridi, bado ina maji ndani.

Kuhusu kahawa: vijiko 2 vya chakula vya kahawa ya kusaga kwenye maji ya moto mililita 250, chuja kwa kitambaa, paka kurasa pande zote, anika, piga pasi. Yote haya yafanyike *kabla* ya kubandika. Kahawa ya kuyeyuka inafaa pia ila usiikoleze, ikizidi inabaki inanatanata hasa siku za unyevu, na vikadi vitagandana kwenye begi.

---

FundiSakina

Naongezea upande wa kitenge, maana hapo pana kazi yake.

Kitenge kipya kina dawa na wanga wa kiwandani. Gundi inashika ule wanga, haishiki uzi, ndiyo maana kinabanduka kama ngozi. Kifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anika, piga pasi. Pia hakikisha ni pamba: chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Ukiona uzi unayeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni poliesta, usiitumie kwa njia ninayokupa hapa chini.

Nyuzi zinachomoka kwa sababu unakata kwanza, halafu unapaka gundi. Geuza utaratibu. Laza kitenge kwenye nailoni, upande mbaya juu, paka gundi (sehemu 2 za gundi kwa 1 ya maji) kwa sponji iliyokamuliwa. Iguse nyuzi tu, isipenye mpaka mbele, ikipenya inaacha madoa meusi yenye kung'aa ambayo hayatoki. Ikikauka kitambaa kinakuwa kigumu kidogo mithili ya kola ya shati. Sasa kata. Hakuna uzi utakaotoka, na unaweza kukata hata nyota ndogo.

Kubandika: kitenge hicho chenye gundi kavu kiweke juu ya kadi, mahali ambapo nako umepaka gundi nyembamba ukaiacha ikauke. Weka karatasi ya kuokea keki juu yake, pitisha pasi kavu isiyo na mvuke, moto wa kati, sekunde 10 hadi 15, ukigandamiza bila kusugua. Gundi nyeupe hulainika kwa joto na kushikana yenyewe. Hakuna maji mapya yanayoingia, kwa hiyo hakuna kujikunja. Kiache kipoe chini ya kitabu kabla hujakigusa.

Mabaki waombe mafundi cherehani, wanayo kwa mafungu. Chagua michoro midogo. Ua la ukubwa wa sahani ukilikatia ukanda wa sentimita 2 halionekani ni ua wala nini, linabaki rangi tupu.

---

Katani_Kamba

Tundu: usitoboe manila tupu. Kata viduara vya manila vya milimita 15, kimoja mbele kimoja nyuma, bandika, kausha, ndipo utoboe katikati yake. Panchi ya ofisini inatoa tundu la milimita 6 hivi. Katikati ya tundu iwe milimita 12 kutoka ukingo wa juu. Watu wanatoboa milimita 5 kutoka ukingo halafu wanalaumu karatasi.

Kamba ya katani chukua nyembamba, milimita 2. Kata sentimita 30, kunja katikati, pitisha kitanzi kwenye tundu kutoka mbele, ingiza ncha mbili ndani ya kitanzi, vuta. Fundo hilo linasambaza uzito kwenye ukingo mzima wa tundu. Ncha zichovye kwenye gundi sentimita 1 ili zisifumuke.

Na shanga usibandike. Kioo ni laini, gundi nyeupe haikishiki, zitadondoka kabla basi halijafika Boma Ng'ombe. Zishone. Toboa vitundu viwili kwa sindano vikiwa na nafasi ya milimita 4 kati yao, kadi ikiwa juu ya sponji ngumu au ndala kuukuu, pitisha uzi wa nailoni mara mbili, funga nyuma. Shanga ndogo tatu kwa mstari zinatosha. Kubwa zinachimba kadi ya jirani.

---

Mkasi_Njiro

Asanteni sana, nimeelewa kwa nini manila ilikuwa inanishinda. Maswali mawili. Kama karatasi ya mgongoni inabandikwa mwanzoni, mafundo ya shanga si yataonekana nyuma? Na kuna mtu ameniambia niweke maganda ya mgomba badala ya kurasa za vitabu. Yanafaa, au yataota ukungu?

---

KaratasiMoshi

Mafundo yatafunikwa na kitu kitakachokutatulia na shida ya biro. Biro inahitaji karatasi inayonyonya wino, na gundi ikikauka ni plastiki, wino hauingii. Kwa hiyo kata vipande vya karatasi nyeupe sentimita 3 kwa 5, bandika nyuma juu ya mafundo kwa gundi ya kijiti, maana ile ina maji machache sana. Paka upande wa nyuma peke yake, uso uuache bila kuguswa. Hapo ndipo utaandika "Kwa" na "Kutoka kwa". Andika kabla hujabandika, mkono unapata nafasi na ukikosea unatupa kipande, hutupi kikadi.

Muhuri wa nyota piga baada ya pasi, kabla ya shanga. Wino wa muhuri wa ofisini usiupake gundi juu yake, utasambaa. Kama unachonga maneno kwenye raba, yaandike kwanza kwa penseli laini kwenye karatasi, ilaze kifudifudi juu ya raba, sugua kwa kijiko. Herufi zinahamia zikiwa zimegeuka zenyewe, na ukipiga muhuri zinasomeka. "NOELI" inakaa vizuri kwenye raba ndogo. "HERI YA KRISMASI" ni ndefu mno kwa kikadi cha sentimita 5.

---

Mgombani

Maganda ya mgomba yanafaa sana, tena kwa zawadi za Marangu yamekaa mahali pake. Tumia yale yaliyokaukia kwenye shina lenyewe, ya kahawia, siyo yaliyolala chini kwenye unyevu. Lifute kila ganda kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, litandaze kati ya magazeti, piga pasi ya moto wa kati mpaka magazeti yasipate unyevu tena. Joto hilo linaua na wadudu wadogo wanaojificha kwenye mikunjo. Ganda lililokauka sawasawa linatoa mlio ukilikunja. Lisilolia bado lina maji, na hilo ndilo litakaloota ukungu chini ya gundi.

Lina upande unaong'aa na upande mkavu wenye vinyweleo. Gundi iende upande wenye vinyweleo. Kata vipande vya upana wa sentimita 1.5 hadi 2, uvipange ubavu kwa ubavu, rangi nyeusi karibu na ya hudhurungi, usivipandishe kimoja juu ya kingine maana kikadi kitakuwa kinene na panchi haitapita. Ganda halitanuki na kusinyaa sawa na karatasi, kwa hiyo hapa paka gundi nzito bila tone la maji, na uzidishe muda wa kubana.

Ukitaka jani, tafuta mgrivea, imejaa kwenye mashamba ya kahawa. Jani lake limechanika kama unyoya na chini lina rangi ya fedha. Lipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani upande wa chini, ambako mishipa imejitokeza, kwa sponji karibu kavu, kisha ligandamize kwenye karatasi ya kahawa. Linaacha mchoro mweupe safi kabisa. Rangi ikiwa nyingi mishipa inazibwa na unapata doa tu.

Mimi ningeongeza isale, lakini siyo jani lenyewe, ni refu na likikauka linapasuka. Kata umbo lake kwenye kitenge cha kijani kwa njia ya FundiSakina, jani moja lililochongoka lenye urefu wa sentimita 6. Kwa Wachaga isale ni la amani na la kuombana msamaha, na watu wanakutana nyumbani Desemba baada ya mwaka mzima. Atakayepokea ataelewa bila kuandikiwa.

---

Katani_Kamba

Nakubaliana na Mgombani, ila panchi ya ofisini kwenye ganda la mgomba inatafuna, haikati. Sehemu ya tundu usiweke ganda, acha sentimita 2 za juu ziwe manila na viduara tu. Na glita kama ulikuwa unaifikiria, iache. Inapukutika kwenye nguo zilizomo ndani ya zawadi na kwenye chakula.

---

Mkasi_Njiro

Glita naifuta kwenye orodha. Swali la mwisho: nivifunge kwenye zawadi hukuhuku Arusha au nivibebe pembeni?

---

FundiSakina

Vibebe pembeni. Vipange kumikumi, uso kwa uso, kati yake karatasi ya kuokea, mafungu yote ndani ya boksi la viatu, kamba zote upande mmoja zisisukane. Shanga za kikadi cha juu zitazame kichwani na za kinachofuata zitazame miguuni, zisigongane. Ongeza vikadi vinne visivyo na jina na kalamu moja, maana Desemba hakukosi mgeni ambaye hakuwa kwenye orodha. Zawadi za duara na zile laini, mfano khanga iliyokunjwa, kamba ya sentimita 30 haitazunguka, hizo zikatie sentimita 60.