Gari za jeshi za zamani: zisamehewe ukaguzi na kodi, au la?

Mwana wa Maweni
Assalaam alaykum wote. Naleta hili tulijadili bila matusi. Mumeziona zile Land Rover mbili na lori la Bedford la kijani, zote zilikuwa za jeshi, zinazopita mjini Malindi siku za sikukuu. Wenyewe wamezifufua kwa pesa zao. Haziendi mbali wala hazibebi mzigo wa mtu. Sasa wanaambiwa wazipeleke ukaguzi sawasawa na lori la mchanga. Uingereza gari ikishapita miaka 40 haikaguliwi wala hailipi kodi ya barabara. Walianza 2012. Sisi twashindwa nini? Na mafundi wetu wenyewe ni wa kupiga nyundo tu, nani atakayeikagua gari ya 1958 akajua anachotazama?

Fundi wa Barani
"Wa kupiga nyundo tu." Ndugu yangu, hilo lori unalolisifu lilikuja hapa limevutwa kwa kamba. Masta ya breki imeganda, raba za silinda za magurudumu zote zimekauka, springi ya nyuma kushoto imevunjika majani mawili. Spea hakuna Malindi, Mombasa hakuna. Bushi tulizikereza wenyewe. Miezi na miezi. Leo likipita na bendera watu wapiga picha, halafu fundi ni mtu wa nyundo?

Bint Mambrui
Kaka, hapo Uingereza umechanganya mambo. Kodi ya barabara ni kitu kimoja: gari ikitimiza miaka 40 inasamehewa, na mstari unasogea kila mwaka. Ukaguzi ni kitu chengine. Mwaka 2012 walisamehe zilizotengenezwa kabla ya 1960. Tarehe 20 Mei 2018 ndipo walipoingiza za miaka 40, tena kwa sharti isiwe imebadilishwa sana ndani ya miaka 30 ya nyuma. Malori yaliyozidi tani tatu na nusu hayakuingia katika msamaha huo wa 2018. Lori zito la kabla ya 1960 ndilo lililosamehewa, nalo litembee bila mzigo. Na yeyote atakayepatikana barabarani na gari ya hatari, awe ana msamaha au hana, faini yafika pauni 2,500.

Halafu hiyo kodi mnayotaka kusamehewa hapa ni ipi? Leseni ya barabara ya kila mwaka iliondolewa zamani. Sisi twalipa kwenye petroli, shilingi 25 kwa kila lita tangu Julai 2024. Mswada wa Fedha wa 2024 ndio uliotaka gari ilipiwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kuanzia shilingi 5,000 hadi laki moja, na kipengele hicho kilitupwa kabla hata mswada wenyewe haujaondolewa. Kwa hivyo mwasamehewa kitu ambacho hakipo.

Mwana wa Maweni
Fundi, sikukutaja wewe. Nimesema mafundi kwa jumla.

Fundi wa Barani
Kwa jumla mimi simo? Gareji za hapa zatoka Barani hadi Kisumu Ndogo, watu wafahamiana.

Kijana wa Ngala
Mwazozana juu ya nyundo na hamuulizi gari zenyewe ni za nani. Hizo ni za Wataliano, wanakaa kwenye majumba ya ufukweni. Matatu ya mjomba wangu yakaguliwa kila mwaka na kila mwaka yapatikana na dosari, hata taa ndogo ya nyuma. Yeye alisha watoto sita kwa hiyo gari. Mwenye gari ya starehe asamehewe, mwenye gari ya riziki akamuliwe? Wallahi hili halikubaliki.

Mwana wa Maweni
Moja katika hizo Land Rover ni ya mzee wa Shela, mzaliwa wa hapa hapa, na unamjua.

Mjukuu wa Keya
Kijana kagusa penye kidonda. Mwaka 1940 ndege za Italia zilikuja kuitupia mabomu Malindi. Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Walivuka mpaka kuingia Somalia, Kismayu ikatekwa Februari 1941, Mogadishu mwezi huo huo, na tarehe 6 Aprili wakaingia Addis Ababa. Baadaye akapelekwa Burma. Alirudi na mguu mmoja mfupi na hakupewa hata baiskeli. Leo malori yale yale yaitwa historia, yapakwa rangi, na tuombwe tuyaondolee kodi! Historia ni ya aliyepanda juu ya lori akaletwa vitani, au ya aliyelinunua kwenye mnada?

Bint Mambrui
Ami, Mungu amrehemu babu. Lakini Mtaliano wa 1940 si huyu jirani wa leo anayenunua samaki pamoja nasi. Na lile Bedford ni la Waingereza. Tukianza kuhesabiana hivyo hatumalizi. Nimetaja malori ya zaidi ya tani tatu na nusu na hakuna aliyenijibu.

Mjukuu wa Keya
Simchukii jirani. Nataka lori likiwekwa uwanjani siku ya sikukuu, pawe na ubao wenye majina ya watu wa pwani waliokwenda. Wenye lori wakifanya hivyo, mimi ndiye wa kwanza kuwaombea msamaha wa kodi.

Mwana wa Maweni
Hilo la ubao ni jema na nitalifikisha kwao. Ndiyo maana nasema gari hizi ni mali ya wote. Zikisumbuliwa zitauzwa chuma chakavu, na huo ubao mtautundika wapi?

Mtu wa Witu
Nyinyi wa mjini mwazungumza sikukuu. Mimi natembea njia ya Lamu: Garsen, Witu, Mokowe. Tangu watu waliposhambuliwa Mpeketoni, Juni 2014, njia hii mabasi yamekwenda kwa kusindikizwa, na Operesheni Linda Boni, ya kuwasaka Al-Shabaab msituni Boni, ilipoanza 2015 malori ya jeshi yakawa ndio tunayopishana nayo kutwa. Niko mbele kwenye basi, karibu na Nyongoro, namuona dereva anavyofanya likitokea lori la kijani: aondoa mguu kwenye petroli, ashusha gia, atazama namba, atazama nguo za waliokaa nyuma. Watu ndani wanyamaza. Anataka kujua hawa ni nani kabla hajafika karibu. Sasa mwataka raia awe na lori la rangi ile ile, turubai lile lile, alitembeze bila mtu kulikagua? Mavazi ya jeshi raia haruhusiwi kuvaa. Gari je? Kodi wasameheni mkitaka, rangi wabadilishe.

Kijana wa Ngala
Hapo umesema. Wapake nyeupe.

Mwana wa Maweni
Ukiipaka nyeupe si gari ya jeshi tena, ni lori la maji. Rangi ndiyo gari yenyewe. Na haziendi Witu hata siku moja, zinaishia daraja la Sabaki.

Mtu wa Witu
Leo. Ukishatoa msamaha hujui nani atanunua la pili. Sheria huandikiwi wewe na rafiki zako watatu.

Fundi wa Barani
Mumefika Burma na Witu, narudi kwenye breki kwa sababu ndiyo ninayoijua. Land Rover za zamani bodi ni alumini, haishiki kutu. Ndiyo ikakudanganya. Chesisi ni chuma, na hapa petu hewa ni ya chumvi. Gari yang'ara juu, ukilala chini ukasukuma bisibisi kwenye chesisi karibu na springi, yazama hadi mpini. Nimeyaona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Bomba ya breki nayo huliwa pale inapobanwa na klipu, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uifungue. Gari hizo breki zote ziko kwenye mkondo mmoja. Bomba ikipasuka popote, pedeli yashuka mpaka chini na magurudumu yote manne hayana kitu. Na gari isiyotembea ndiyo mbaya zaidi, raba zakauka, mafuta ya breki yavuta maji. Mwasema zatembea siku za sikukuu tu. Siku hizo ndizo watoto wamejaa barabarani!

Huyo bibi wa Mambrui amesema kweli na mumempita. Waingereza wenyewe, wenye chumba cha ukaguzi kila mtaa, lori zito hawakuliachia hivi hivi. Msamaha wa pesa mimi sina neno. Msamaha wa ukaguzi, hapana. Nazipenda gari hizi kuliko nyinyi nyote, nimezilalia mgongo.

Mwana wa Maweni
Lakini ukaguzi wenyewe ni Mombasa, na mkaguzi atataka mkanda wa kiti kwenye gari iliyotengenezwa bila mikanda. Watalikataa kwa kitu ambacho halikuzaliwa nacho.

Fundi wa Barani
Basi ombeni hilo. Ombeni ikaguliwe kwa kipimo cha mwaka wake: breki, stelingi, chesisi, tairi, taa. Hapo nitatia sahihi yangu. Na kwa kuwa umesema fundi wa hapa hajui anachotazama, zileteni gareji Ijumaa baada ya Asri, zote tatu. Nitavua magurudumu mbele ya kila mtu, nawe ukiwepo.

Kijana wa Ngala
Nitakuja na mjomba.

Mwana wa Maweni
Nimewapigia simu. Wenye Land Rover wamekubali. Wa lori auliza nani atalipa raba za breki zikichanika katika kuvuliwa.

Fundi wa Barani
Mwambie nitalipa mimi. Lakini zikichanika mkononi mwangu, lori litalala hapa gareji mpaka zifungwe mpya, sikukuu au si sikukuu.